Ukipoteza kazi, usimfiche mwenye nyumba

Sisi wa sendika ya wachimba madini tumeona mara nyingi: barua ya kufukuzwa kazi inaanza kwa patron, lakini inaishia kwa mlango wa nyumba ya kupanga.

Mwenzetu mmoja wa hapa Mahagi alifanya miaka 5 kwa sosiete moja upande wa Mongbwalu. Familia yake ilipanga nyumba karibu na barabara ya Goli, dola 30 kwa mwezi, garanti dola 90. Mwezi wa kwanza akapewa barua. Akanyamaza juu ya haya. Alijiambia: "Garanti iko, tutaikula polepole." Pesa yake ya mwisho ikaenda kwa chakula na masomo ya watoto. Mwisho wa mwezi wa tatu mwenye nyumba, mama mjane, akaja kudai miezi miwili. Mwenzetu akamujibu akate kwa garanti.

"Garanti gani, baba? Ile nilishalipia mutoto masomo."

Hapo makelele ikaanza. Na wote wawili walikuwa na sababu.

Sheria ya nyumba za kupanga, nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Kama kontra haina muda, preavis ni miezi mitatu. Kupoteza kazi hakufuti kontra. Garanti ni mali ya mpangaji, inamrudilia akitoka, kama hakuna deni wala kitu alichoharibu. Basi mwenye nyumba asiile, na mpangaji naye asiile bila kusikilizana.

Tufanye hesabu. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mfanyakazi wa kontra isiyo na muda siku 14 za kazi za preavis, na siku 7 juu ya kila mwaka mzima aliofanya. Miaka 5 ni siku 49, karibu miezi miwili. Preavis ya nyumba ni miezi mitatu. Unaona pengo la mwezi moja? Kila siku unayonyamaza, lile pengo linapanuka. Ndiyo maana tunasema: siku unapopata barua ya patron, andika yako kwa mwenye nyumba ile ile siku. Weka tarehe, asainie kopi, uichunge.

Kama kontra iko na muda, muongee mapema. Umutafutie mpangaji mwingine. Mara nyingi ndiyo dawa. Mukisikilizana, muandike. Mukishindwa, muanzie kwa ofisi ya Habitat mbele ya kufika mahakamani.

Wale wawili tuliwakalisha mbele ya shefu wa kartie. Wakaandika: miezi miwili inatoka kwa garanti, dola 30 zinarudi. Mwalimu moja alikuwa tayari kuingia mwezi wa ine, ndiyo mama akasamehe preavis, na ile dola 30 ikatoka kwa garanti ya mwalimu.

Mwenzetu alikuwa amehesabu dola 90 za kuanza kuuza maharagi sokoni. Alianza na 30. Angeongea mwezi wa kwanza, angekuwa na zote.

Ndugu wafanyakazi, kufukuzwa kazi si haya. Muongee mapema.