Skrubu Yenye Siku Zake Tayani

Wawili wakivutana kamba kwenye utelezi, hakuna anayebaki palepale. Ndivyo ilivyo kinywani. Daktari akitaka kurudisha nyuma meno ya mbele yaliyochomoza, huyafunga waya na kuyavuta kwa magego. Na magego nayo, taratibu, husogea mbele. Nafasi iliyopatikana kwa kung'oa jino zima ikaliwa na upande usiotakiwa.

Mwaka 1997 daktari Mjapani, Ryuzo Kanomi, alieleza dawa ya utelezi huo: skrubu ya kipenyo cha milimita 1.2 inayokazwa kwenye mfupa wenyewe wa taya. Fizi hutiwa ganzi, kisha bisibisi ndogo huzungushwa polepole kati ya mizizi ya meno mawili. Mgonjwa huhisi mgandamizo tu. Kichwa cha skrubu hubaki nje kama kifungo cha shati, tayari kuvikwa mpira wa kuvutia.

Lakini baadhi ya skrubu hizi hulegea, zaidi ya moja katika kila kumi. Siku ya kwanza skrubu hushikwa kama msumari kwenye mbao. Ule mfupa uliobanwa sana hufa, seli za kubomoa huuondoa, ndipo seli za kujenga ziingie kazini. Katikati hapo, yapata wiki ya pili hadi ya nne, mshiko huwa dhaifu kuliko siku ya kukazwa.

Hapo ndipo protini za ukuaji zinapotazamiwa. Mwaka 1965 Marshall Urist, mpasuaji wa mifupa wa Los Angeles, alieleza jinsi alivyoondoa madini kwenye vipande vya mfupa kwa asidi na kuvipandikiza ndani ya misuli ya wanyama. Mfupa mpya ukaota katikati ya nyama! Kilichouita ni protini, ambazo leo huitwa BMP: huzifanya seli changa ziwe wajenzi wa mfupa. Basi watafiti wakawaza: tuipake skrubu protini hizo, tulifupishe pengo hilo la mshiko dhaifu.

Mimi naona ugumu uko kwenye kipimo. Protini ikiachwa bila cha kuishikilia, damu huisomba; ikizidi, huvimbisha. Marekani iliidhinisha BMP-2, mojawapo ya protini hizo, mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo wa kiunoni. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ikatoa onyo, kwani baadhi ya waliowekewa shingoni walivimba hadi pumzi ikawa shida.

Tena skrubu hii si jino bandia la kudumu. Hutengenezwa kwa aloi ya titaniamu, aghalabu laini juu, makusudi mfupa usiigande kabisa. Ikigandwa mno, chuma chembamba kama hicho chaweza kukatikia ndani siku ya kutolewa. Isipogandwa mno, bisibisi huzungushwa kinyume, mara nyingi hata bila sindano ya ganzi, na tundu la fizi hujifunga baada ya siku chache.