Kamera Ipi Itufae Nyumbani na Kanisani?

Mama anapoitwa na Bwana, haupiti muda mrefu kabla mtu hajauliza: picha iko wapi? Inatakiwa picha ya kuweka juu ya jeneza na nyingine ya kuchapa kwenye ratiba ya ibada. Hapo ndipo nyumba nyingi hugundua kwamba mama huyo, aliyeonekana kwenye kila arusi na kila ubatizo, siku zote alikuwa nyuma akigawa chakula, na hana picha hata moja inayoonyesha uso wake vizuri.

Sisi lilitupata hilo alipofariki bibi mmoja, mzee wa umoja wetu wa wanawake. Na kamera tulikuwa nayo! Tulikuwa tumeinunua kwa fedha za maandazi na mnada wa mavuno, na muuzaji alituhakikishia kwamba inavuta mara 50. Tulipofungua picha za mkesha wa mwisho aliohudhuria, bibi alionekana kama mtu aliyechorwa kwa chaki ubaoni, kisha mtu mwingine akapitisha kitambaa. Macho hayakuonekana, na kilemba kilikuwa kimeshikana na ukuta. Binti yake alizitazama moja moja, akafunga kamera, akaturudishia bila kusema neno.

Tangu hapo akina mama wengi wametuuliza kuhusu kamera, hasa wale ambao watoto wao wako karibu na kipaimara au mahafali. Swali lao ni moja: wanunue kamera ndogo yenye lenzi moja isiyotoka inayovuta mbali sana, ile iitwayo supazumu, au ile kubwa ya kubadilisha lenzi, yaani DSLR?

Tuanze na hizo "mara 50" zilizotudanganya. Namba hiyo haina maana kwamba kitu kitaonekana kikubwa mara 50 kuliko unavyokiona kwa macho. Ni hesabu ya kugawanya tu. Lenzi ya Canon PowerShot SX50 HS, iliyotoka 2012, huanzia sawa na milimita 24 na kuishia 1200. Ukigawanya unapata 50. Nikon Coolpix P900 ya 2015 hufika milimita 2000, ndiyo mara 83. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na DSLR ni ya milimita 18 hadi 55, yaani mara 3 tu. Kwa hiyo kwa kuvuta mbali supazumu haina mshindani. Mama anayetaka kumpiga mwanawe akikimbia upande wa pili wa uwanja, au ndege aliye juu ya mwembe, kwa DSLR atahitaji lenzi nyingine ndefu, nzito na ghali, na hata hiyo yenye milimita 300 haitamfikisha nusu ya safari ya ile SX50.

Tatizo ni mwanga. Ndani ya kila kamera kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga, nacho huitwa kihisi. Katika supazumu nyingi kihisi hiki kina upana wa milimita 6 na kitu na urefu usiofika 5. Ni kidogo kuliko punje ya hindi. Katika DSLR za kawaida za Canon kina milimita 22.3 kwa 14.9, karibu sawa na stempu ndogo ya posta. Ukilinganisha eneo lake, ni kama mara 12. Weka kikombe na beseni uani wakati mvua inanyesha. Mvua ikiwa kubwa, vyote viwili vitapata maji ya kutosha. Yakiwa manyunyu, kikombe kitapata matone tu. Jua la saa sita ndiyo mvua kubwa. Kanisa lenye taa mbili usiku ndiyo manyunyu. Kamera yenye kikombe hulazimika kukisia yaliyopungua, na ule ukungu wa chaki usoni mwa bibi ulitokana na kukisia huko.

Jambo la pili ni tundu la lenzi. Sisi wauguzi tunapommulika mgonjwa tochi jichoni, tunaona mboni ikijibana, na tukiondoa mwanga inapanuka. Lenzi nayo ina mboni. Upana wake huandikwa kwa herufi f na namba, na namba ikiwa ndogo, mboni ni pana. SX50 ikiwa haijavutwa ina f/3.4, lakini ikivutwa hadi mwisho hubaki f/6.5, yaani mwanga unaofika kwenye kihisi hupungua kadiri unavyovuta. Hapo ndipo tulipokosea. Tulikaa kwenye viti vya nyuma gizani, tukavuta hadi mwisho, tukadhani tumepata faida. Afadhali tungesogea mbele na kuacha lenzi bila kuivuta.

Wengine watasema kamera hizi zina kituliza mtikisiko. Ni kweli, nacho husaidia sana. Lakini kinatuliza mkono wa mpigaji. Hakiwezi kuwatuliza wanakwaya wanaocheza wala mtoto anayepiga mateke kwenye maji ya ubatizo. Na flashi ndogo ya kwenye kamera hufika mita chache tu. Ukiwa benchi la kumi, itamulika visogo vya waumini walio mbele yako, na mchungaji abaki gizani.

Kwa DSLR, dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ipo lenzi fupi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa Canon na Nikon ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa. Ikilinganishwa na ile ya kawaida iliyovutwa hadi f/5.6, huingiza mwanga karibu mara 10. Haivuti hata kidogo. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unatembea kwa miguu. Tulipoipendekeza kikaoni, mama mweka hazina aliinua miwani akasema, "Jamani mama zangu, hela yote hiyo kwa kitu kifupi hivi kisichovuta?" Tulicheka, lakini alikuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu uzito, usiamini maneno ya dukani. Nikon D3500, ambayo ni DSLR, ina gramu 415 bila lenzi. P900 ambayo ni supazumu ina karibu gramu 900. Lakini Canon SX740 HS, supazumu ya kuingia kwenye mkoba, ina gramu 299 hivi na huvuta mara 40. Betri ni jambo la kuangalia kwa wale tunaokatikiwa umeme: kwa vipimo vya watengenezaji, D3500 hupiga picha 1550 kwa chaji moja, na P900 hupiga 360. Arusi moja ya kwetu huzimaliza hizo 360 kabla keki haijakatwa.

Vumbi nalo lina mambo yake. Ukibadilisha lenzi ya DSLR nje wakati wa kiangazi, vumbi huingia kwenye kihisi na kuacha madoa kwenye kila picha. Ingia ndani, zima kamera, elekeza mdomo wake chini. Supazumu haifunguliwi, lakini mchanga ukiingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi, hukwama, na hapo kamera nzima imeharibika.

Anayefikiria DSLR aijue hali ya soko. Tangu 2018, Canon walipoanzisha mfumo wa RF na Nikon mfumo wa Z, makampuni hayo yameelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Kwa sababu hiyo DSLR zilizotumika zinapatikana kwa bei ya chini, na bado zinafanya kazi vizuri. Lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza 1987, hukubali kwenye DSLR zote za EOS. Kwa Nikon uwe mwangalifu: D3500 na ndugu zake wa D3000 na D5000 hazina injini ya kuzungusha lenzi za zamani, hivyo ukinunua lenzi ya AF isiyo na injini yake yenyewe, utalenga kwa mkono. Chukua memori kadi yako, piga picha hapo hapo dukani kwenye kona yenye giza, ukazitazame nyumbani kabla ya kulipa.

Na kama una simu nzuri na watoto wako bado wako mikononi, pengine huhitaji kamera yoyote mwaka huu. Karo kwanza.

Tuseme neno moja pia kuhusu kuvuta mbali. Mwenye lenzi ya milimita 2000 anaweza kuchukua uso wa mama anayelia msibani, au mzazi aliye dirishani mwa wodi, bila yeye kujua. Wodini tunaomba ruhusa kabla hata ya kuinua shuka. Kwa kamera pia tuombe.

Umoja wetu hatimaye ulinunua DSLR iliyotumika na ile lenzi fupi, kwa ajili ya ibada za ndani na mikesha. Supazumu hatukuiuza, maana ndiyo iliyotuokoa siku ile ya msiba. Tulipokuwa tumekata tamaa, kijana mmoja wa kwaya aliikuta humo picha ya siku ya mavuno, aliyoipiga saa sita mchana akiwa upande wa pili wa uwanja. Bibi amemshika kuku miguu, mkono mwingine uko juu akiongeza dau, anacheka hadi pengo linaonekana, na hajui kama anapigwa. Binti yake alikata sehemu ya kuku na kuichapa iliyobaki kwa ajili ya jeneza. Ile nzima, pamoja na kuku, ameitundika sebuleni.