Linux Inapokosa Kumbukumbu

Kiini cha mfumo endeshi wa Linux hugawa kumbukumbu kwa kurasa, na katika kompyuta nyingi ukurasa mmoja una baiti 4,096. Vipande vidogo hukatwa kutoka humo kwa amri ya kmalloc. Sehemu yoyote ya kiini, iwe ya diski au ya kadi ya mtandao, huomba nafasi, hupewa anwani yake, na ikimaliza huirudisha. Nafasi ikikosekana, inayotolewa ni anwani tupu.

Mhakiki wa msimbo hutazama kwanza kama anwani hiyo tupu imeshughulikiwa. Maombi madogo ya kawaida ni nadra mno kukataliwa: kiini kitasubiri, kitaondoa kurasa nyingine, hata kuua programu nzima, ili nafasi ipatikane. Matokeo yake, mistari ya kushughulikia kukataliwa inaweza kukaa miaka bila kuguswa, kosa limejificha humo. Ipo zana ya kuifanya kmalloc ikatae makusudi, lakini bila hiyo kosa hubaki likisubiri jicho la msomaji.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye hesabu ya kuzidisha. Chukua ombi la vitu 1,073,741,825, kila kimoja baiti 4. Jumla ni 4,294,967,300, ila kiini cha biti 32 huishia 4,294,967,295 kisha huanza tena sifuri, kwa hiyo kinachoombwa hasa ni baiti 4. kmalloc hutoa hizo nne bila kusita, na data inayofuata humwagika juu ya kumbukumbu ya wengine. Idadi hiyo ikitoka kwa mtumiaji, mdukuzi ameshapata mlango. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa kmalloc_array: hupokea idadi na ukubwa kila kimoja peke yake, na zao likizidi kiasi hukataa.

Usafi wa msimbo nao ni sehemu ya usalama. Msimbo ukiomba nafasi tatu na ya tatu ikakosekana, mbili za mwanzo lazima zirudishwe, ya mwisho kwanza. Desturi ya Linux ni kurukia mwisho wa msimbo kwa goto, amri inayopigwa vita madarasani. Hapa inastahili kutetewa, maana usafishaji wote husomeka mahali pamoja.

Kwa miaka mingi wagawaji wa vipande walio nyuma ya kmalloc walikuwa watatu. SLOB iliondolewa katika toleo la 6.4 mwaka 2023, SLAB katika 6.8 mwaka 2024, na sasa wahakiki wanasoma SLUB peke yake.