Chumvi, Mishipa ya Damu na Kiharusi: Somo Kutoka Delta ya Rufiji

Katika delta ya Rufiji, mahali ambapo mto hugawanyika kuwa matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, chumvi ni sehemu ya maisha. Samaki wasioweza kufikishwa sokoni wakiwa wabichi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, wakawa ng'onda. Maarifa haya ya wazee yana msingi wa kisayansi. Hata hivyo, sifa ile ile ya chumvi inayohifadhi samaki yaweza, chumvi ikizidi mwilini, kuchangia kumwangusha mtu kwa kiharusi.

Chumvi huvuta maji

Maji hupita katika utando wa seli kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Hali hii huitwa osmosisi. Chumvi iliyopakwa samaki huyavuta maji yaliyo ndani ya nyama, na bakteria wa kuozesha, wakikosa maji, hushindwa kuzaana.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili darasani. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo vilivyo sawa. Tumbukiza kimoja katika maji yenye chumvi nyingi, na kingine katika maji yasiyo na chumvi. Baada ya saa chache, cha kwanza kitakuwa kimelegea, na cha pili kitakuwa kimekakamaa.

Kutoka chumvi hadi kiharusi

Sodiamu iliyomo katika chumvi hukaa zaidi katika majimaji yaliyo nje ya seli, damu ikiwa mojawapo. Sodiamu ikizidi, maji huifuata. Kazi ya figo ni kuiondoa ziada hiyo kwa njia ya mkojo. Zisipoimudu, ujazo wa damu huongezeka, na shinikizo la damu hupanda. Miaka ikipita, kuta za mishipa huwa nene na ngumu, na moyo huchoka. Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hufa: hicho ndicho kiharusi. Basi kupooza ghafla si upepo mbaya wala majini, kama wengine wadhanivyo.

Mtu mzima ambaye vipimo vyake, vikirudiwa siku mbalimbali, hufikia milimita 140 kwa 90 za zebaki au zaidi, huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Hatari yake ni kwamba kwa kawaida halina maumivu, asiyepimwa hajui.

Ushahidi wa Afrika Mashariki

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Shinikizo lao la damu lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu. Ukoo haukubadilika, kilichobadilika ni maisha.

Hapa Tanzania, uchunguzi wa miaka 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiharusi kiliwapata watu wapatao 108 kwa kila 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 jijini Dar es Salaam. Kijana anayetoka delta, alikozoea kasia na jembe, akahamia mji wa Kibiti au Dar es Salaam, ambako hupanda bodaboda na kula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, anaipita njia hiyo hiyo.

Kinga iliyo karibu

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutakiwa kutolewa katika muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya ubongo kupigwa picha. Lakini tangu maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na kidogo. Chombo kikingojea maji katika mikono ya delta, muda huo waweza kwisha kabla mgonjwa hajaiona barabara. Kwa hiyo hapana budi kinga itangulie.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Chumvi hiyo iwe yenye madini joto. Ng'onda zilowekwe katika maji yasiyo na chumvi, maji hayo yamwagwe, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Maharage, matembele na ndizi hutupatia potasiamu, ambayo husaidia figo kuiondoa sodiamu. Tumbaku iachwe, pombe ipunguzwe, na mwili utembezwe angalau dakika 150 kwa juma. Watu wazima wapimwe shinikizo, na aliyepewa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini ng'onda haiozi anayo tayari elimu ya kumweleza mama jikoni kwa nini kijiko cha chumvi kipimwe.