Kasiksi yenye kukawia haijafa

Wakati wa mvua, shimo likijaa maji na bwana akirudi mikono mitupu, pombe ya mama ndiyo inalisha nyumba na kulipa masomo. Iko hivyo Misisi, iko hivyo Kamituga, hata hapa Uvira. Basi sendika ikiongea juu ya kasiksi, watu wasicheke.

Mama mmoja wa karieri ya milimani, mgeni kwenye kazi hii, ameniuliza: «Papa sendika, nilikamua ndizi juzi, bidoni imenyamaza tu, haina povu. Niimwange?» Ndizi alinunua na pesa ya likelemba, na siku ya kurudisha inakaribia.

Hapana mama, usimwange. Hapa Uvira tuko kandoni ya ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari, joto usiku na mchana, na kasiksi inachemka upesi. Lakini ukipanda Itombwe, zaidi ya mita 2,000, usiku ni baridi kali. Chachu ni kitu chenye uhai, ni kidogo sana, macho hayakioni. Inakula sukari ya ndizi, inatoa pombe na hewa. Kwenye baridi inalala. Funika chombo na majani ya mgomba, weka blanketi juu, sogeza karibu na jiko. Karibu, si juu ya moto, maana maji ya moto yanaiua kabisa.

Angalia tena mtama, wengine wanaita masaka. Ule unga wenye kukaangwa kidogo ndio unaleta sehemu ya chachu, na wageni wanautia kidogo mno juu ya bei. Wazee walikuwa na mtumbwi wa mti wenye chachu ya zamani ndani ya nyufa zake. Bidoni mpya yenye kuoshwa na sabuni haina kitu. Omba jirani kikombe kimoja cha masira ya pombe yake inayotoka povu, utie, ungoje hadi kesho. Onja: ikiwa tamu bado, kazi inaendelea. Ikiwa kali kama siki, umechelewa. Ila kama ndizi hazikuiva vizuri, sukari haimo, na kungoja hakusaidii.

Kuna wenye haraka wanaotia lutuku ndani ili ipige kichwa. Hapo mimi nakataa. Mnunuzi wa pombe hiyo kesho asubuhi anashuka shimoni na kamba mkononi.

Na ile hewa ya povu, wachimbaji, mnaijua: ndiyo ile nzito inayokaa chini ya shimo na kuzima mshumaa. Kwa hiyo kifuniko cha bidoni kisikazwe, itavimba na kupasuka. Mwenye vyombo vingi asivifungie chumba kimoja na watoto wanaolala chini.

Sasa deni. Kuivisha ndizi peke yake kunakula siku nne ao tano, halafu kukamua, halafu kuchemka, na mlimani ongeza siku zingine. Wamama wa likelemba wanaompa mwenzao pesa ya ndizi leo na kuitaka kisha wiki moja, wanamlazimisha kuuza maji ya ndizi. Zamu ya mpika pombe wa mlimani iwekwe kisha wiki mbili, na ipangwe mbele hajanunua hata kichana kimoja.