Chanjo ya Mbwa Inawahusu Hata Wasiofuga

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Bukoba na Muleba hakuna mbwa. Kwa sababu hiyo, tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa linapopita mtaani huonekana kuwa haliwahusu. Sisi wa kamati ya msikiti tumeisikia kauli hiyo hata barazani: mwenye mbwa na ampeleke. Lakini mbwa wa jirani hukatiza migombani mwetu, na watoto wetu huenda madrasa kwa njia ileile anayopita yeye.

Fiqhi ya Kishafii tuliyosoma iko wazi: mate ya mbwa ni najisi nzito, na alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumtesa mnyama wala kupuuza maradhi yake. Surat al-Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefundishwa kuwinda, na Surat al-Kahf imemtaja mbwa wa vijana wa pangoni.

Virusi vya kichaa hukaa katika mate, huingia kwa jeraha na kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huweza kuchukua wiki au miezi, na dalili zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wakiwa wa Asia na Afrika, na takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kuosha mara saba kwa nia ya tohara hakushiki nafasi ya chanjo hiyo, na udongo usitiwe katika kidonda kibichi. Mas-ala ya tohara wataulizwa masheikh baadaye. Tunawaomba wazazi pia wasiwagombeze watoto, kwani anayeogopa fimbo huficha jeraha.

Wapo wanaouliza kama sindano ya mbwa inafaa kweli, hasa ikiwa imetoka mjini kwa pikipiki juani. Jibu hupatikana katika damu. Mbwa aliyechanjwa hutengeneza antibodi, yaani askari wa mwili, na maabara huweza kuzipima. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni uniti 0.5 kwa kila mililita. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha mbwa waliopewa chanjo iliyotoka kwenye jokofu na waliopewa iliyokaa miezi sita katika nyuzi joto 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30. Antibodi za makundi hayo hazikupungukiana. Hiyo si ruhusa ya kuiacha chanjo juani, bali ni habari njema kwa vijiji visivyo na umeme. Mbwa wa kijijini hahitaji kupimwa damu. Anahitaji sindano, na kurudiwa kwa wakati. Paka naye achanjwe, na paka wamejaa majumbani mwetu. (Farasi pia huugua, ila kwetu ni nadra kuwaona.)

Wataalamu hutaka mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa ukose pa kupita. Pemba, kisiwa cha Waislamu watupu karibu, walichanja mbwa wao mfululizo kuanzia mwaka 2010 hadi kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje, wakachanja tena, kikaondoka. Sisi wa Kagera, tulioonja Marburg mwezi Machi 2023, hatuhitaji kuelezwa gharama ya maradhi yatokayo kwa wanyama.

Kamati imekubaliana kuwa kila ofisi ya mifugo itakapotoa siku na kituo cha chanjo, habari itasomwa baada ya swala ya Ijumaa na kurudiwa madrasa. Asiyefuga ampelekee jirani yake habari hiyo, na ikibidi amchangie nauli. Mbwa afikishwe kituoni na mtu mzima anayemzoea, akiwa amefungwa kamba, na cheti cha chanjo kitunzwe nyumbani.