Askari na Maisha Baada ya Magwanda

Askari hufundishwa mambo mengi tangu siku anapoingia depo akiwa kuruta. Hufundishwa kuamka kabla ya mapambazuko, kushika lindo, kutii amri na kuitunza silaha yake. Jambo moja ambalo mara nyingi halimo katika mafunzo hayo ni namna ya kuishi siku ile ambapo hakuna tarumbeta ya kumwamsha, hakuna gwaride, wala hakuna mtu anayengoja amri yake. Siku hiyo humfikia kila askari aliyejaliwa umri, awe jenerali au koplo, awe wa jeshi au wa polisi.

Mwishoni mwa Agosti 2023, ilitangazwa mjini Kigali kwamba majenerali 12 wa Jeshi la Ulinzi la Rwanda wamestaafu. Ni majina yao yaliyovuma. Lakini tangazo hilo hilo liliwahusu pia maofisa wa ngazi ya juu 83, maofisa wa ngazi ya chini 6, maofisa wasio na kamisheni 86, na askari 678 ambao mikataba yao ilikuwa imemalizika. Hao ndio wengi. Jenerali anapotoka jeshini, huenda serikali ikamwita tena kwa kazi nyingine. Sajenti hurudi kwake, na swali la kesho atafanya nini hulijibu mwenyewe.

Swali hilo ni zito zaidi leo kuliko zamani. Kwa mtumishi wa kiraia nchini Rwanda, sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 60, na kwa lazima akiwa na miaka 65. Majeshini umri huo hufuata cheo, na wengi hutoka mapema wakiwa bado na nguvu. Wakati huo huo, umri wa kuishi umeongezeka. Kwa mujibu wa hesabu za watu, wastani wa maisha nchini ulikuwa miaka 51.2 mwaka 2002, ukafika 64.5 mwaka 2012, na 69.6 mwaka 2022. Aidha, ni vema kuielewa takwimu hiyo. Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, nao unawajumlisha watoto wanaofariki wangali wachanga. Mtu aliyekwisha kuvuka hatari za utotoni na kufikisha miaka 50 ana matumaini ya kuupita wastani huo. Hivyo basi, askari anayevua magwanda akiwa na miaka 50 huenda ana miaka 20 au zaidi mbele yake.

Lugha zenyewe bado hazijaufikia ukweli huo. Kwa Kinyarwanda, kustaafu huitwa ikiruhuko cy'izabukuru, yaani mapumziko ya uzee. Kwa Kiswahili, malipo ya mwisho wa utumishi huitwa kiinua mgongo, kana kwamba mtu ameinama shambani kutwa nzima na sasa anasaidiwa kusimama. Ni maneno ya heshima, lakini yamebeba picha ya mtu aliyekwisha kuchoka, ambaye kilichobaki kwake ni kukaa kivulini. Picha hiyo haimfai mtu ambaye bado anaweza kutembea kilomita kumi asubuhi.

Historia inaonyesha kwamba umri wa kustaafu haukuteremka kutoka mbinguni. Miongoni mwa watu wa kwanza kupewa malipo ya kustaafu walikuwa askari. Mnamo mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto wa Roma alianzisha hazina maalum ya kuwalipa wapiganaji waliomaliza utumishi, kwa kuwa alifahamu hatari ya kuwaacha mikono mitupu watu waliozoea silaha. Ujerumani ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, chini ya Bismarck, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Ulipunguzwa hadi 65 mwaka 1916. Ni dhahiri kwamba tarakimu hizo zilipangwa na serikali kwa kuangalia hazina na mahitaji ya nyakati. Hazikuwa kipimo cha uwezo wa mwili wala wa akili ya mtu.

Mtu akisimama Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, anaweza kuyaona mambo hayo kwa macho. Jirani ya Kagugu ni Gacuriro, na huko ndiko yaliko majumba ya Vision City, ambayo awamu yake ya kwanza ilikuwa na nyumba 504. Mradi huo ulijengwa na kampuni ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, chombo kinachosimamia michango ya pensheni. Yaani fedha inayokatwa katika mshahara hailali sandukuni. Huwekwa katika majengo na biashara ili izae, na mzee alipwe kutokana na mazao hayo pamoja na michango ya wanaoendelea na kazi.

Lakini Kagugu hiyo hiyo inatoa funzo jingine. Mji wa Kigali umepanda vilima vya kaskazini, na mahali palipokuwa mashamba pamekuwa viwanja vya nyumba. Askari aliyekuwa akiota kwamba siku moja atarudi kufuga ng'ombe na kulima maharagwe atakuta kwamba ardhi iliyopo inatosha nyumba na ua tu. Hana budi kufikiri upya: bustani ndogo ya mboga kando ya jiko, ile iitwayo akarima k'igikoni, kuku wachache, duka, ufundi wa magari au wa umeme aliojifunza kikosini. Kwa hiyo mpango wa kustaafu haupangwi siku ya kustaafu. Hupangwa miaka kumi kabla.

Katika jambo la fedha, njia zipo. Mchango wa pensheni nchini, ambao kwa miongo mingi ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, ulipandishwa kuwa asilimia 12 kuanzia Januari 2025, nusu ikitolewa na mwajiri na nusu na mwajiriwa, na mpango uliotangazwa ni kufikia asilimia 20 mwaka 2030. Wapo walionung'unika kuona mshahara umepungua. Manung'uniko hayo yanaeleweka, lakini pensheni ndogo humuumiza mtu wakati hana tena nguvu ya kutafuta nyongeza. Majeshi yana chombo chao pia, Zigama CSS, kilichoanzishwa mwaka 1997, na jina lake kwa Kinyarwanda ni amri fupi: weka akiba. Tangu Desemba 2018 upo mpango wa Ejo Heza, maana yake kesho njema, ambao uko wazi hata kwa asiye na mshahara. Askari anaweza kumwandikisha humo mkewe anayeuza sokoni, ili nyumba isitegemee pensheni ya mtu mmoja.

Hatari kubwa ni kiinua mgongo chenyewe. Fedha nyingi kwa mkupuo humjia mtu aliyezoea mshahara wa mwezi, na ndugu, marafiki na madalali huzipata habari kabla yeye hajafika nyumbani. Gari kuukuu hununuliwa wiki ya kwanza, mikopo isiyorudi hutolewa wiki ya pili. Askari haingii eneo asilolijua bila upelelezi. Kanuni hiyo hiyo itumike katika biashara: fedha ikae benki miezi michache, biashara ichunguzwe, na mtu aanze kwa sehemu ndogo ya alichonacho.

Afya nayo ina hesabu zake. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki, na wenye miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, angalau siku tatu kwa wiki, ili kuepuka kuanguka. Askari huwa mbali mbele ya wengine katika hili, mpaka siku anapoacha mazoezi lakini akaendelea kula kama aliye mafunzoni. Shinikizo la damu na kisukari huingia kimya kimya. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, zipo Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa ili watu wakimbie na kutembea, na vipimo vya maradhi hayo hutolewa papo hapo. Hakuna sababu ya mstaafu kubaki kitandani siku hiyo.

Zaidi ya mwili, yapo mawazo. Mwaka 2002, mtafiti Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 660 wenye miaka 50 na zaidi katika mji mmoja wa Ohio, Marekani. Waliokuwa na fikra njema juu ya kuzeeka kwao waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona uzee kuwa ni kuporomoka. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini, na uchunguzi huo hauko mbali na kauli yao.

Afrika Mashariki ina mifano yake. Kimani Maruge wa Kenya, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, kwa kuwa alitaka kujisomea Biblia na kuhesabu fedha zake mwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais wa Tanzania Novemba 1985, akarudi Butiama kulima, na baadaye akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi hadi alipofariki Oktoba 1999. Kazi hiyo iliendelezwa na Nelson Mandela, mwenye umri wa miaka 81, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 2000.

Hata hivyo, haifai mifano hiyo igeuzwe fimbo ya kuwachapia wasiojiweza. Wapo wastaafu wenye majeraha ya vita. Wapo wazee wa Rwanda ambao watoto wao wote waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Hao huitwa Intwaza, na baadhi yao hutunzwa katika nyumba za Impinganzima. Kumwambia mzee kama huyo ajishughulishe ni kumkosea adabu. Mwenye nguvu ndiye anayetakiwa kufanya kazi, na sehemu ya kazi yake ni kumtazama jirani asiye na nguvu.

Na hapa ndipo penye mtihani wa mwisho wa askari. Nyumbani si kambini. Mke aliyeiendesha nyumba kwa miaka 20 mumewe akiwa zamu hahitaji mkaguzi wa sufuria, na watoto waliokua hawajipangi mstari. Katika kijiji vilevile, umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huwalazimu wenye miaka 18 hadi 65, na mstaafu hushika jembe pamoja na kijana aliyekuwa hajazaliwa yeye alipokuwa vitani. Wakazi wakimwamini, huweza kumchagua miongoni mwa abunzi, wasuluhishi wanaosikiliza magomvi ya majirani bila malipo kabla hayajafika mahakamani. Huko cheo chake cha zamani hakitamsaidia. Kitakachomsaidia ni kusikiliza, kusema kweli na kufika kwa wakati.

Kila askari aliye kazini sasa hana budi kuanza mapema: aweke akiba kila mwezi, ajifunze ufundi mmoja, autunze mwili wake, na akae vema na watu wa nyumbani na wa mtaani. Nao makamanda wawape askari wao nasaha hizo kabla ya barua ya kustaafu kuandikwa, kwa maana askari aliyeandaliwa hutoka kambini akijua anakokwenda.